Fungasheni Begi la Dharura Mkiwa Wawili



Leo naomba tuanze na maswali mawili. Bwana, maji yakiingia nyumbani mwenu usiku huu saa nane, unajua kadi ya kliniki ya mtoto wenu mdogo iko wapi? Nawe bibi, unajua hati ya shamba iko wapi? Geukeni mjibizane ninyi kwa ninyi. Kama majibu yamekuja upesi, mshukuruni Mungu. Kama mmoja amenyamaza, au amesema kwa ukali, "Ya nini kuniuliza hayo?", basi ukurasa wa leo ni wenu hasa.

Ningependa tuzungumze juu ya begi la dharura. Ni begi moja lililofungwa tayari na kuwekwa karibu na mlango, ili hatari ikija nyumba nzima iweze kutoka kwa dakika chache bila kupekua-pekua gizani. Wengine watasema, "Katekista, hayo ni mambo ya chifu na Msalaba Mwekundu. Yanaingiaje kwenye ukurasa wa ndoa?" Yanaingia kabisa. Begi hili haliwezi kufungwa vizuri na mtu mmoja. Vitu vinavyotakiwa kuwa ndani yake, nusu vinajulikana na bwana na nusu vinajulikana na bibi. Ndiyo maana wanaoketi kulifunga hugundua upesi kama wao ni mwili mmoja kweli, au ni wapangaji wawili wanaolala kitanda kimoja.

HATARI HAINGOJI KUPAMBAZUKE

Tukumbuke yaliyotokea hapa kwetu Kenya. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, bwawa la shamba moja huko Solai, Nakuru, lilipasuka na maji yakawafuata watu majumbani mwao. Zaidi ya watu 40 walikufa. Usiku wa kuamkia tarehe 23 Novemba 2019, udongo uliporomoka kutoka milimani huko Pokot Magharibi, ukafunika nyumba watu wakiwa wamelala. Zaidi ya watu 50 walikufa. Kabla ya mapambazuko ya Jumatatu, tarehe 29 Aprili 2024, maji yaliyokuwa yamezuiliwa kwenye tuta la reli karibu na Old Kijabe yalivunja kizuizi hicho, yakashuka Mai Mahiu yakiwa na mawe na miti. Hapo pia zaidi ya watu 40 walikufa. Mvua za Machi hadi Mei mwaka huo ziliua karibu watu 300 katika nchi nzima.

Misiba yote mitatu ilikuja gizani. Wengi wa ndugu zetu hao hawangeokolewa na begi lolote, na haifai mtu kuwalaumu. Sisi tuwaombee pumziko la milele. Lakini zipo hatari nyingine ambazo humpa mtu nafasi kidogo. Watu wa Budalang'i wanaujua Mto Nzoia unapoanza kupanda. Watu wa Kano wanaujua Mto Nyando. Watu wa Garissa na Tana River wanaujua Mto Tana. Mjini, moto ukianza mlango wa tano kutoka kwenu, mna dakika chache. Tena hatujasahau mwisho wa mwaka 2007 na mwanzo wa 2008, baada ya uchaguzi, mamia ya maelfu ya Wakenya walipokimbia makwao. Wengine walilala katika uwanja wa Kanisa Kuu la Eldoret, wengine katika viwanja vya maonyesho. Wengi walifika na nguo walizovaa tu. Nyumba ilipoungua, kitambulisho kiliungua pamoja nayo, na vyeti vya shule vya watoto, na hati ya shamba.

Nafasi hiyo kidogo mtaitumiaje? Kuna nyumba ambapo saa nzima inakwisha kwa kuulizana, "Uliiweka wapi?" na "Mimi nilikupa wewe!" Watoto wanalia, mvua inanyesha, na wazazi wanagombana juu ya ufunguo wa sanduku. Kesi ambayo haikumalizwa mchana wa jua haiwezi kumalizwa usiku wa mafuriko.

JE, KUFUNGASHA NI KUKOSA IMANI?

Kuna waume, na wake pia, wanaosema kwamba kuweka begi mlangoni ni kujiombea mabaya. Wanasema, "Mungu atatulinda." Ni kweli atatulinda. Lakini shetani alipomtaka Yesu ajitupe chini kutoka juu ya Hekalu ili malaika wamdake, Yesu alikataa. Alijibu kwamba haifai kumjaribu Mungu (Mathayo 4:5-7). Anayelala kando ya mto unaofurika bila matayarisho yoyote, akisema malaika watamdaka, anafuata shauri ambalo Bwana wetu alilikataa.

Tazameni Familia Takatifu. Yosefu alionywa usiku kwamba Herode anamtafuta Mtoto. Mathayo 2:14 inatuambia kwamba aliamka usiku uleule, akamchukua Mtoto na mama yake, wakaenda Misri. Hakungoja asubuhi, na hatusikii kwamba yeye na Maria walibishana mlangoni. Biblia haituambii walibeba nini. Lakini katika sura hiyohiyo, mstari wa 11, mamajusi walikuwa wametoka kuwaletea dhahabu, ubani na manemane, yaani vitu vyepesi mkononi na vizito kwa thamani. Hiyo ndiyo kanuni ya begi la dharura.

Someni pia Kutoka sura ya 12. Mungu aliwaagiza Waisraeli wale Pasaka wakiwa wamevaa viatu na fimbo ziko mikononi. Walikuwa wanaabudu, na wakati huohuo walikuwa tayari kwa safari. Unga wao ulikandwa, ukafungwa ndani ya nguo na kubebwa mabegani kabla haujachachuka. Taifa zima lililokombolewa na Mungu mwenyewe lilitoka likiwa limefungasha!

YAINGIE NINI NDANI YA BEGI?

Chukueni begi la mgongoni, lile la shule lililo imara linafaa. Kila kitu kwanza kiingie katika mfuko wa plastiki usiopitisha maji. Haya ndiyo ya kuweka.

Kwanza, karatasi. Vitambulisho vyenu mnatembea navyo, basi humo wekeni nakala zake. Wekeni vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kadi za kliniki, vyeti vya shule, cheti cha ndoa, vyeti vya ubatizo, na hati ya shamba au mkataba wa nyumba ya kupanga. Anayepoteza hati ya shamba hupitia polisi na ofisi ya ardhi, kisha jambo lake hutangazwa katika gazeti rasmi la serikali, na hungoja siku 60 kuona kama kuna mwenye pingamizi. Ya ubatizo ni rahisi kidogo, kwa sababu kitabu kipo katika parokia uliyobatizwa, na humo huandikwa pia kipaimara na ndoa yako. Lakini ni nani atakayekumbuka jina la parokia ikiwa wazazi wamekufa? Liandikeni. Pigeni picha karatasi zote kwa simu, mmtumie ndugu mmoja mnayemwamini anayekaa mbali.

Pili, dawa. Mwenye shinikizo la damu, mwenye sukari, mwenye pumu, mwenye kifafa, mwenye kutumia dawa za virusi vya ukimwi, awe na akiba ya siku saba hivi, pamoja na kadi yake ya kliniki. Ongezeni dawa ya maumivu, bendeji, na pakiti za chumvichumvi za kutibu kuharisha. Pakiti zikikosekana, changanyeni lita moja ya maji safi na vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa. Msikadirie kwa macho. Chumvi ikizidi inamdhuru mtoto.

Tatu, maji na chakula. Mtungi wa lita tano, na dawa ya kutibu maji, kwa sababu mafuriko huchanganya visima na vyoo, na kipindupindu hufuata. Chakula kiwe kisichohitaji moto: njugu karanga, biskuti, sukari. Mama anayenyonyesha aendelee kunyonyesha. Hicho ndicho chakula salama kuliko vyote kwa mtoto mchanga katika kambi.

Nne, pesa na mawasiliano. Simu hukosa chaji na mtandao hupotea, kwa hiyo msitegemee pesa za kwenye simu peke yake. Wekeni noti ndogo za shilingi mia na mia mbili. Wekeni chaja, tochi, kiberiti, redio ndogo kama ipo, na filimbi ya kuitia msaada. Andikeni namba za simu kwenye karatasi: za jamaa, za mwenyekiti wa Jumuiya Ndogo Ndogo, namba 999 na 112 za dharura, na 1199 ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, ambayo hupigwa bila malipo.

Tano, nguo na usafi. Sweta moja kwa kila mtoto, leso mbili, blanketi jepesi, sabuni, nepi, na sodo za mama na mabinti. Bwana, usione haya kuzinunua hizo. Huyo ni mke wako na hao ni watoto wako, na kambini hakuna pa kuziazima.

Mwisho, rozari. Ile picha kubwa ya Moyo Mtakatifu iliyo ukutani iacheni. Bwana mwenyewe mtaondoka naye.

Mkimaliza, fanyeni jaribio hili. Mama ambebe mtoto mgongoni, ashike begi, atembee hadi getini. Akishindwa, begi ni zito mno. Punguzeni. Baba wengi wa familia hufanya kazi mbali, Nairobi au Mombasa, na hatari ikija mama yuko peke yake. Begi ambalo ni baba tu anaweza kulinyanyua halina faida siku hiyo.

SIRI ZINAZOFUNGA BEGI LISIFUNGIKE

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Katika mafundisho ya ndoa, vitu vinavyozuia begi hili kufungwa huwa ni vitatu: karatasi zilizofichwa, pesa zilizofichwa na ugonjwa uliofichwa. Begi lenyewe hununuliwa kwa bei nafuu.

Kuna bwana aliyepeleka hati ya shamba kwa ndugu yake, au aliyeiweka rehani kwa mkopo, na mke hajui. Mzee, ndoa si kampuni ambayo wewe ni mkurugenzi na mama watoto ni mfanyakazi. Mungu akikuchukua leo, huyo ndiye atakayezungushwa na jamaa zako kutoka ofisi hadi ofisi. Mwambie kabla mvua haijaanza.

Kuna bibi mwenye akiba ya chama ambayo bwana haijui. Kabla ya kumlaumu, bwana, jiulize kwa nini anaificha. Kama kila shilingi unayoiona inaishia kwenye chupa, yeye anawafichia watoto wako karo. Tengeneza mwenendo wako kwanza, kisha utaonyeshwa akiba.

Kuna mmoja anayemeza dawa chooni, au anayezificha ndani ya unga, kwa kuogopa kwamba mwenzake akijua atamfukuza. Ndugu wapendwa, mficha maradhi kifo humfichua. Siku ya kukimbia, dawa hiyo itaachwa ndani ya unga. Injili ya wanawali kumi (Mathayo 25:1-13) inatufundisha kwamba yako mafuta ambayo hayaazimwi usiku wa manane. Jirani anaweza kukuazima blanketi, lakini hawezi kukuazima dawa yako wala kadi yako ya kliniki. Nendeni pamoja kwa daktari au kwa mshauri wa kituo cha afya, mkaambizane ukweli mbele ya mtu wa tatu mwenye hekima. Na wewe unayeambiwa, kumbuka kiapo chako cha siku ya ndoa. Uliahidi mbele ya altare kwamba utakuwa mwaminifu katika afya na katika ugonjwa. Hukuongeza neno "kama".

Lakini niseme wazi. Siri ya hila na siri ya woga ni vitu viwili. Mama anayepigwa, anayetishwa kwa panga, simwambii leo amkabidhi bwana kila karatasi. Yeye awe na nakala zake na za watoto mahali salama, kwa dada yake au kwa mama mwenzake wa Jumuiya, na amwone padre na mkuu wa eneo. Kuokoa uhai si kuvunja ndoa. Sheria ya Kanisa yenyewe inaruhusu mume na mke kuishi mbalimbali pale mmoja anapokuwa hatari kubwa kwa mwili au roho ya mwenzake au ya watoto. Na wewe bwana ambaye mkono wako ni mwepesi, elewa kwamba nyumbani kwako mafuriko ni wewe. Tubu.

WATU KWANZA, BEGI BAADAYE

Katika Luka 17:31-32 Yesu anasema kwamba siku ya hatari aliye juu ya dari asishuke kuchukua vitu vyake ndani, na anatukumbusha mke wa Lutu. Je, anatukataza begi? Anatukataza kurudi ndani. Tunafungasha mapema kwa sababu hiyohiyo, ili pasiwe na sababu ya mtu kurudi. Kama maji yameshalifikia begi, liacheni. Hati hutengenezwa upya, hata kama ni kwa taabu. Mtoto hatengenezwi.

Kwa hiyo kubalianeni leo nani anamshika nani. Baba yuko: nani anambeba bibi mzee, nani anamshika mtoto wa pili mkono? Baba hayupo: ni jirani gani atakayekuja, na yeye mwenyewe anajua? Kubalianeni mahali pa kukutana mkitawanyika, mahali pa juu ambapo mtoto wa miaka sita anapajua, kama vile shuleni au kanisani. Kama ipo nafasi, zimeni umeme kwenye swichi kubwa kabla maji hayajaingia, na mfungue kamba za ng'ombe na mbuzi, kwani mnyama aliyefungwa hana njia. Msivuke maji yanayokimbia. Yakifika magotini tu yanaweza kumwangusha mtu mzima, na gari pia si kimbilio. Aprili 2024 huko Makueni lori lililojaa watu lilisombwa likijaribu kuvuka mto. Na mkiambiwa na chifu muhame, hameni watu wote, pamoja na baba. Kuna baba hubaki kulinda mabati, na mke hulia kambini akiwa hajui kama ni mjane.

KAZI YA NYUMBANI

Jumapili hii, baada ya Misa, mkishakula, zimeni redio. Kaeni mezani wawili, begi likiwa katikati yenu, mjibu maswali haya.

1. Ni karatasi gani ya nyumba hii ambayo mimi sijawahi kuiona?

2. Ni dawa gani unayotumia, na zinatosha siku ngapi?

3. Nikifa leo, ni deni gani litakaloletwa mlangoni ambalo wewe hulijui?

4. Nikiwa mbali na hatari ikaja, utamwita nani kwanza?

Swali la tatu ndilo gumu. Likileta machozi, acheni begi kwanza, shikaneni mikono, msali Baba Yetu, muendelee siku nyingine. Ni afadhali begi likae nusu wiki mbili huku ninyi mkizungumza, kuliko kujazwa siku moja na mtu mmoja aliyenuna.

Likishafungwa, likaguliwe mara mbili kwa mwaka. Mwanzo wa Kwaresima, kwa sababu mvua ndefu ziko karibu. Tena mwezi wa Oktoba, mwezi wa Rozari, kabla ya mvua fupi. Badilisheni maji, tazameni tarehe za dawa, toeni sweta zilizowabana watoto mpeane kwa maskini. Na kila mara ulizaneni tena yale maswali manne, kwa sababu siri mpya huingia nyumbani kimyakimya kama vumbi.

Mkiwa na nafasi, lipelekeni jambo hili katika Jumuiya yenu. Yuko mjane asiye na wa kufungasha naye. Yuko mzee asiyeweza kutembea. Jumuiya na ipange ni nyumba ipi itakayowabeba.

Tusali. Ee Mungu Baba, uliyemwamsha Yosefu usiku akawaokoa Yesu na Maria, uzilinde nyumba zetu na maji, moto na vita. Utupe, sisi mume na mke, ujasiri wa kuambiana ukweli kungali mchana, ili saa ya giza itukute tumeshikana mikono. Uwapokee waliokufa katika mafuriko, uwafariji waliobaki. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.